Jinsi ya kuchagua kamado, grili ya mkaa ya udongo, bila kumaliza hela ya mbuzi

Samaa ikishaanza tu huku Ohio simu zinaanza, kaka ile grili yako ya udongo uliipata wapi, bei gani, na mimi nikiwa na dola 400 napata kitu cha maana au nisubiri kwanza. Nimeshajibu mara nyingi sana mpaka nimeamua niandike yote sehemu moja, mtu asome taratibu kabla hajatoa hela yake. Nimenunua mbili kwa pesa yangu mwenyewe, moja ilikuwa hasara, nyingine iko uani huu ni mwaka wa sita, na nimeshawasindikiza jamaa kama watano kwenda kuchagua za kwao, kwaiyo ninayoandika hapa nimeyashika kwa mikono.

Kitu nachotaka ukishike mapema: kwenye hizi grili hela yako inaenda kwenye vitu viwili, udongo ambao haujapasuka na kifuniko kinachoziba hewa. Vikiwepo hivo viwili basi grili ya bei ndogo itakuchomea mbuzi sawasawa na ile ya jirani yenye jina kubwa. Visipokuwepo hata iwe inang'aa vipi hautaitawala moto wake. Mengine yote kwenye mwongozo huu yanatoka hapo.

Kwanza ni kitu gani

Kamado ni neno la Kijapani, maana yake jiko. Wajapani walikuwa na chungu kikubwa cha udongo cha kupikia wali, mushikamado, na wanajeshi wa Marekani waliokaa kule baada ya vita kuu ya pili ndo wakaanza kurudi navyo nyumbani. Mwaka 1974 Ed Fisher akafungua duka Atlanta akiuza mashine za mchezo wa pachinko na hivi vyungu pembeni, vyungu vikapendwa, na hapo ndo ikatoka Big Green Egg, lile yai la kijani unaloliona kwenye nyumba za watu. Vya mwanzo vilikuwa udongo wa kawaida na vilipasuka sana, baadae wakahamia kwenye kauri ngumu zaidi. Kamado Joe wakaja 2009, nao wa hukohuko Georgia, ile nyekundu.

Sisi tuliokulia na jiko la mkaa hatuhitaji darasa refu hapa. Lile jiko la Kenya la bati nje udongo ndani, lenye kiuno chembamba, lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa wazo lililotoka kwenye jiko la ndoo la Thailand, na kazi ya ule udongo ni kushika joto lisipotee ovyo ili mkaa kidogo uivishe maharage mpaka mwisho. Kamado ni akili ileile, ila huku udongo unaizunguka nyama kote, chini, ubavuni na juu, unene kama inchi moja hivi yaani sentimita 2.5, halafu kuna tundu la hewa chini na lingine juu kwenye kifuniko. Ukifungua moto unapanda, ukibana unashuka. Ikiziba vizuri mkaa uliojaza mara moja unaenda zaidi ya masaa 12 kwa moto mdogo, na ukishamaliza kuchoma unafunga matundu yote mawili, moto unakosa hewa unazimika, mkaa uliobaki unautumia wikiendi ijayo. Mtu aliyezoea kumwagia mkaa maji ili asiupoteze ataelewa hii ni raha kiasi gani.

Hatua ya 1: Hakikisha una pa kuiweka

Hii watu wanairuka halafu wanajuta. Kama uko apatimenti soma mkataba wako kabla ya kitu chochote, nyingi haziruhusu moto wa mkaa kwenye veranda, na kanuni za zimamoto sehemu nyingi Marekani zinakataza majiko ya mkaa kwenye veranda za mbao za majengo ya familia nyingi au ndani ya futi 10 kutoka ukutani, yaani mita 3. Hata kama nyumba ni yako peke yako shika hizo futi 10 kutoka kwenye ukuta, uzio wa mbao na matawi ya mti.

Halafu uzito. Yai la inchi 18 peke yake ni zaidi ya kilo 70, ukiongeza meza au mkokoteni wake ndo balaa. Kwenye dek ya mbao iliyochoka usiweke mpaka ujue mbao zinabeba, na chini yake weka tofali pana za zege au kile kitanda cha chuma chenye miguu, usikalishe chungu chenye moto juu ya mbao moja kwa moja.

Na gereji hapana. Hata mlango ukiwa wazi, hata mvua ikinyesha, hata kama unasema ni dakika kumi tu kuku aive. Moshi wa mkaa una sumu ya kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, na kila winta familia zinapoteza watu kwa jiko la mkaa lililoingizwa ndani kupasha joto. Wageni kama sisi ndo tunaopata shida hii zaidi maana nyumbani tulizoea jiko jikoni na madirisha yanapitisha upepo, nyumba za huku zimezibwa kila upande. Hii naomba umfundishe na mgeni yeyote aliyefika mwezi uliopita.

Hatua ya 2: Chagua saizi kwa idadi ya midomo

Saizi zinatajwa kwa upana wa wavu. Ndogo ni kama inchi 13, za kati 15, ile ambayo watu wengi wananunua ni 18, na kubwa ni 24.

Ushauri wangu hauna kona, familia ya kawaida nunua ya inchi 18. Inabeba kuku wawili waliopasuliwa mgongo na kulazwa, au mguu mzima wa mbuzi na mbavu zake, au bata mzinga wa sikukuu yao ya Novemba kama watoto wameshaanza kukudai. Ya inchi 13 ni tamu kwa mtu na mwenzake, kuku mmoja, mishkaki ya kutosha, mnabeba mpaka pikniki, ila siku shemeji zako wamekuja na watoto utakuwa unachoma kwa awamu mpaka saa tano usiku. Watu wanadanganyika na hesabu, inchi 13 na inchi 18 zinaonekana zimepishana kidogo lakini kwa vile ni duara ya 18 ina nafasi karibu mara mbili.

Ya inchi 24 iache mpaka uwe mtu wa harambee, maana inakula mkaa mwingi kupata moto na bei yake iko juu sana. Kama nyumbani kwenu kila Jumapili ni watu ishirini sawa, hiyo ni yako.

Hatua ya 3: Amua njia ya kununua

Hapa ndo hela inapookolewa kwaiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni mpya yenye jina. Yai la kijani au Joe ya inchi 18 mpya, ukijumlisha na mkokoteni na kodi mara nyingi inavuka dola 1,000. Unachopata juu ya grili yenyewe ni waranti ndefu ya udongo, vipuri rahisi kupatikana na fundi wa duka wa kumuuliza. Kama hela ipo sio dhambi. Ila mwongozo huu ni wa mtu anayetaka bei nafuu.

Njia ya pili ni za majina ya pili, kama Vision Grills, au Louisiana Grills ambayo imekuwa ikionekana kwenye maduka ya Costco. Nyingi ya hizi zinakuja na mkokoteni na meza za pembeni tayari kwenye bei, wakati wenye majina makubwa kuna wanaokuuzia miguu kivyake, kwaiyo ukilinganisha bei linganisha grili ambayo imesimama tayari kuchoma, usilinganishe chungu kitupu na chungu chenye miguu. Angalia pia kama bado wanauza vipuri, hasa sanduku la moto, kile kibakuli cha ndani kinachobeba mkaa, na wavu, kwasababu kampuni ikiacha kutengeneza modeli yako na kipande cha ndani kikapasuka utahangaika.

Njia ya tatu ni ya chuma, Akorn ya Char-Griller ndo inajulikana. Hii niseme ukweli kabisa sio udongo, ni kuta mbili za chuma zenye kizuia joto katikati, umbo ndo la kamado. Bei yake mara nyingi ni dola 300 na kitu mpaka 400 na kitu, ni nyepesi mtu mmoja mwenye nguvu anaisogeza, na hata ikianguka haipasuki. Ubaya wake ni kutu, ukiiacha mvuani bila kuifunika inaanza kuliwa chini kwenye sufuria ya majivu, na ikishatoboka hewa inaingia hovyo. Joto lake nalo likipanda kupita ulichotaka linachukua muda kushuka, ila hilo hata udongo una tabia hiyo. Kwa mtu mwenye dola 350 kamili na hataki kuhangaika na mtumba, namwambia chukua hii na usijisikie vibaya.

Njia ya nne, ambayo mimi ndo naipenda, ni iliyotumika. Fikiria hivi, udongo hauchakai kama injini. Grili ya miaka kumi ambayo haijapasuka inachoma sawa na mpya. Halafu kitu kizito cha kilo 70 mtu akihama hataki kukibeba, kwaiyo anakishusha bei ili kiondoke. Ndo utamu wenyewe, uzito unawachosha wao wewe unafaidi. Kwenye Facebook Marketplace na Craigslist nimeona za inchi 18 zikienda dola 300 mpaka 600 pamoja na meza, vifaa na kifuniko cha turubai. Tafuta maneno kama kamado, ceramic grill na green egg, maana wauzaji wengine hawajui hata jina la walichonacho, na hao ndo bei zao nzuri. Mwisho wa mwezi ndo watu wanahama, tafuta hapo. Jua tu kwamba waranti ya udongo kwa majina makubwa ni ya mnunuzi wa kwanza, wewe wa pili haikuhusu.

Kama unataka mpya na huna haraka subiri punguzo za Septemba kwenye Labor Day, sikukuu yao ya wafanyakazi, au Novemba kwenye Black Friday. Na uliza dukani kama wanauza ile iliyokuwa imesimama kwa maonyesho, Oktoba stoo zinataka nafasi ya vitu vya Krismasi.

Hatua ya 4: Kagua kama mama anavyokagua chungu

Ile ya kwanza niliyosema ilikuwa hasara niliinunua usiku, kwa tochi ya simu, muuzaji ana haraka, na mimi nimeshaipenda picha. Nimefika nayo nyumbani asubuhi nakuta ufa kwenye kitako kuanzia mlango wa hewa mpaka karibu na bendi ya chuma. Moto haukuwahi kukaa chini ya digrii 350 za Farenaiti maana hewa ilikuwa inajipitia. Tangu siku hiyo nakagua mchana tu, na nakagua hivi.

Anza na kugonga. Mama zetu sokoni wakichagua chungu wanakigonga kwa kifundo cha kidole wanasikiliza, kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Fanya hivohivo, gonga kifuniko na kitako sehemu tofauti tofauti. Sauti ikibadilika upande mmoja angalia pale kwa makini, ndani na nje. Kwenye rangi ya nje utaona michirizi myembamba kama utando wa buibui, hiyo ni ya rangi tu haina neno, iko hata kwenye mpya. Ufa mbaya ni ule ambao ukipitisha ukucha unashika, au unauona nje na ukiangalia ndani uko palepale.

Ufa ulioko kwenye kifuniko au kwenye kitako, ondoka, hata akikupunguzia mara mbili. Ufa kwenye sanduku la moto sio mwisho wa dunia kwasababu kinatoka na kinauzwa peke yake, na kuna watu wanachoma miaka na sanduku lenye ufa bila shida yoyote. Joe za matoleo ya karibuni sanduku lake ni la vipande vipande vilivyokaa pamoja ili visipasuke. Ila ufa huo utumie kushusha bei, mwambie utalazimika kununua kingine, ni kweli na sio ujanja.

Halafu kifuniko. Chukua noti ya dola moja, iweke kwenye ukingo, funga, ivute. Ikiwa inashikwa na unahisi inabanwa hapo panaziba. Zunguka kote, kama sehemu nane hivi. Ikichomoka kirahisi sehemu moja inaweza ikawa gasketi imeungua, ule mkanda wa kitambaa kigumu ukingoni, na hiyo ni dola 20 au 30 kubadilisha na jioni moja ya kukwangua gundi ya zamani. Ikichomoka upande mzima angalia kama kifuniko kimekaa kombo, mara nyingi ni bendi zimelegea na zinakazwa kwa spana, lakini kama mwenye nayo hawezi kukuruhusu ulegeze na kukaza palepale ihesabu kama tatizo.

Bawaba nayo iangalie taratibu. Fungua kifuniko nusu ukiachie kidogo mkono ukiwa karibu. Spring zikiwa zimechoka kinaanguka, na kifuniko cha udongo kikianguka juu ya kitako cha udongo umemaliza biashara, tena na vidole vya mtoto viko hapohapo. Sogeza matundu ya hewa ya juu na chini, yafunguke na yafunge bila kukwama, kutu kidogo ya juu inasuguliwa, chuma kilicholiwa mpaka tundu hapana.

Mwisho nusa. Fungua unuse ndani. Harufu ya moshi na mafuta ya nyama ni sawa, ukungu nao sio shida sana unachomwa kwa moto mkali. Ukisikia mafuta ya taa au ile dawa ya maji ya kuwashia mkaa, udongo umeshainywa na nyama yako itakuwa na ladha hiyo muda mrefu. Mimi siinunui.

Kama muuzaji ni mwelewa muombe awashe kabla hujafika. Gazeti moja na mkaa kidogo vinatosha, funga kifuniko uangalie moshi unatokea wapi. Unatakiwa utoke juu tu.

Hatua ya 5: Vya kununua pamoja nayo na vya kuacha

Cha lazima ni sahani ya udongo inayokaa kati ya moto na wavu. Bila hiyo una jiko la kuunguza mbavu, ukiwa nayo una oveni ya moshi. Grili nyingine zinakuja nayo nyingine hazina, uliza kabla hujakubaliana bei, maana nimeona watu wanafurahia punguzo la dola 50 halafu wanaenda kununua sahani kwa zaidi ya hapo.

Mkaa nunua ule wa vipande vya mti wenyewe, kama wa gunia la nyumbani, huku wanauita lump. Vile vitofali vilivyofyatuliwa vinaacha majivu mengi na kwenye kamado majivu yanaziba matundu ya chini, moto unakufa katikati ya mapishi. Chagua mfuko ambao ukiubonyeza unasikia mapande makubwa, vumbi lililojaa chini ni hela yako inayomwagwa.

Kuwashia huhitaji kifaa. Karatasi ya tishu ya jikoni iloweshe mafuta ya kula, ikunje, ichomeke katikati ya mkaa, washa. Inawaka taratibu kama utambi wa kibatari. Ile dawa ya maji ya kuwashia usiilete karibu kabisa.

Kipimajoto cha nyama cha kuchoma ndani, cha dola 15, ni hela nzuri kuliko mapambo yote. Kile kilichoko kwenye kifuniko nacho kipime, kichomoe ukitumbukize ncha yake kwenye maji yanayochemka, kinatakiwa kisome karibu 212 Farenaiti ambazo ni 100 Selsiasi. Vingi vya mtumba vinadanganya, nut yake inazungushwa nyuma unakirekebisha.

Feni za umeme za kuendesha moto, nyavu za ghorofa tatu, mawe ya piza, hivyo viache mwaka wa kwanza. Glavu ndefu za kuzuia moto nunua. Turubai la kufunikia nunua kama huna kibanda.

Hatua ya 6: Kuibeba

Toa kila kilicho ndani kwanza, wavu, sahani, sanduku la moto, pete ya juu yake, kila kimoja kifunge na blanketi. Uzito unapungua sana. Usinyanyue kwa kushika bawaba wala ule mpini wa mbele, mtu mmoja ashike tundu la chini mwingine ashike nyuma chini ya bawaba, watu wawili kila mara. Kwenye gari iweke imesimama, ikae kwenye tairi la zamani au ikabanwe na mito, na kifuniko kifungwe kwa mkanda kisipigepige njiani. Van ya jamaa wa kanisani au msikitini inatosha, huna haja ya kukodi lori.

Hatua ya 7: Moto wa kwanza

Ikiwa mpya, au umebadilisha gasketi, mara mbili tatu za mwanzo usivuke digrii 350 Farenaiti, kama 175 Selsiasi, ili gundi ya gasketi ikae. Iliyokaa mvuani muda mrefu nayo ipashe taratibu, udongo ukiwa na maji ndani ukaupiga moto mkali ghafla unapasuka. Na maji usiumwagie ikiwa ya moto hata siku moja, hata kama moto umekuzidi, wewe ziba matundu usubiri.

Jaza mkaa mpaka juu ya sanduku, washa katikati tu, acha kifuniko wazi dakika kumi, halafu funga. Sasa sikiliza hii vizuri, anza kubana matundu mapema kabla joto halijafika unapotaka. Unataka 275, ikifika 225 anza kubana. Udongo ukishapata moto kushuka unachukua saa nzima au zaidi, wageni wa kamado wote wanakosea hapa, wanasubiri ifike ndo wabane inaenda mpaka 400. Kwa moto mdogo tundu la chini linabaki wazi upana wa kidole tu na la juu kamwanya kembamba.

Ukitaka kufungua kifuniko kwenye moto mkubwa nyanyua kidogo kama inchi mbili, shusha, nyanyua tena, ndo ufungue chote, uso ukiwa mbali. Moto uliokosa hewa ukipata hewa ghafla unaruka mwali usoni. Nyusi zinaungua kwa sekunde. Mfundishe kila mtu anayesogelea hiyo grili, na watoto chora mstari chini wasivuke.

Hatua ya 8: Mbuzi wa kwanza

Mbuzi wa huku ukimchoma kwa moto wa wazi kama nyumbani mara nyingi anakuwa mgumu, wengi wanaouzwa kwenye maduka ya halali wamegandishwa na nyama yake ni kavu. Kamado inamaliza hilo tatizo. Mguu wa kilo 2 mpake chumvi usiku, asubuhi ndimu, vitunguu saumu na tangawizi, mimi sizidishi. Weka sahani ya udongo, moto 275 Farenaiti, kama 135 Selsiasi, nyama juu ya wavu, funga, usifungue fungue. Masaa matatu mpaka manne. Ncha ya kipimajoto ikifika 190 na kitu ndani ya nyama na inaingia bila kugoma, itoe ipumzike kwenye foili. Vaa glavu, toa sahani uiweke juu ya tofali mbali na watoto, fungua matundu, moto ukishapanda rudisha mguu dakika tano kila upande upate ile ngozi ya kahawia yenye kutatarika. Kata kwenye ubao, kachumbari pembeni, chumvi na pilipili kwenye kona ya ubao kama kawaida.

Kuku ni rahisi zaidi, mpasue mgongo umlaze, moto 375, kama saa moja, na kwenye paja kipimajoto kisome sio chini ya 165 Farenaiti ambazo ni 74 Selsiasi.

Ndizi na mahindi weka mwishoni wakati moto unashuka.

Winta

Swali hili naulizwa na kila mtu. Grili inakaa nje winta nzima, udongo haujali baridi, mimi nachoma hata theluji ikiwa imejaa uani na mkaa unaotumika hauzidi sana. Kinachoua ni maji yanayoingia kwenye ufa mdogo yakaganda yakautanua. Kwaiyo kifuniko cha juu kiwe kimefungwa, turubai liwe juu, na tundu la chini liache wazi kidogo ndani kupumue, ukifunga kote mwezi wa tatu utakuta ukungu wa kijani kwenye wavu. Ukiukuta, toa mabaki ya mkaa uyatupe, weka mpya, pandisha moto mpaka 500 uache nusu saa, sugua wavu na brashi, endelea kuchoma.